Kuondoa shemine ya zamani mu nyumba: kazi yake, bei yake, hatari yake



Mu karatasi hii tumezoea kuongea juu ya mpunga, muhogo, mahindi na maharagi. Leo tunaongea juu ya matofali. Sababu yake ni hii: koperative kadiri zimepata nyumba za zamani, zile za matofali ya kuchoma za tangu wakati wa Wabeleji, na zinazitumia kama ofisi ao depo. Mu nyumba za namna hiyo mara nyingi kuko shemine: mdomo wa moto chini, tumbo la matofali lenye kutokea mu chumba, na shingo yenye kupanda inatoboa manjanja na kutoka inje. Moto haijawashwa humo tangu miaka mingi. Na kila tunapopita kuangalia stoki, tunaulizwa: "Tutoshe hii kitu, ao tuiache?"

Jibu letu la leo si la neno moja. Tunataka muelewe kwanza kitu hicho kina uzito gani, kinashikilia nini, kukiondoa kunaomba pesa ngapi, na munapata nini kisha kazi. Hapo ninyi wenyewe mutaamua mu mkutano.

Shemine ilifika namna gani huku kwetu

Ukipanda Bukavu, ziwa liko mita 1,460 juu ya bahari, na usiku baridi inauma. Wazungu waliojenga kule walizoea moto ndani ya nyumba, njo maana villa nyingi za zamani zina shemine mu salo. Mu mashamba ya zamani ya huko juu, Kabare na Walungu, ni vilevile. Lakini huku chini Kamanyola, joto tunayo ya kutosha. Hakuna mtu anayehitaji kuota moto mu salo. Shemine unayoikuta mu nyumba ya huku kwa kawaida ilikuwa ya jikoni: pale walipikia kwa kuni, moshi ikapanda na kutoka juu.

Leo jikoni hiyo imekuwa chumba cha magunia, na shemine inatusumbua kwa mambo matatu.

Ya kwanza ni maji. Mahali shingo inatoboa manjanja, simenti ya pembeni inapasuka kisha miaka, na mvua inateremka polepole mu ukuta. Tena shingo yenyewe iko wazi juu: mvua inaingia mu tundu lake moja kwa moja.

Ya pili ni masizi. Moshi ya kuni inaacha chumvi mu matofali ya ndani. Chumvi hiyo inavuta unyevu wa hewa, hata kama mvua hainyeshi. Njo maana munaona madoa ya kahawia yenye kurudi kila mara juu ya chokaa, hata mukipaka mara tatu. Gunia likiegemea pale linapata ukungu. Tunajua wote kama mpunga unaomba kuwekwa ukiwa na maji isiyopita 14 kwa 100, na mahindi 13. Kuanika siku tatu na kisha kuegemesha gunia kwenye ukuta wa namna hiyo, ni kuharibu kazi yenu wenyewe.

Ya tatu ni panya na ndege. Tundu la shemine ni barabara yao.

Kwa hiyo wanakoperative wana haki ya kukasirikia shemine. Lakini hasira si mpango wa kazi.

Kosa ambalo na sisi tulikuwa ndani yake

Tutawaambia jambo moja bila kutaja koperative. Tulifika mu depo moja wakati wa mavuno. Magunia yalikuwa mpaka mlangoni. Tukapima chumba, tukahesabu, na tukasema mbele ya watu: "Tazameni, hili tumbo la matofali linawakulia nafasi." Tulisema hivyo tu, tukaandika mu kitabu chetu, tukaenda.

Kisha wiki mbili tulirudi. Vijana wenye nguvu walikuwa wamechukua nyundo na kutosha tumbo lote kutoka chini mpaka kwenye plafoni. Chumba kilikuwa safi, chokaa mpya, magunia yamepangwa vizuri. Kila mtu alikuwa na furaha. Tukauliza: "Na ile ya juu?" Wakajibu: "Ile ya juu haisumbui mtu, iko juu ya plafoni."

Tulipanda na ngazi na toshi. Shingo yote ya shemine, ile ya mu dari na ile ya inje, ilikuwa imekalia mbao mbili zilizowekwa kwa haraka, na mbao hizo zilikuwa zimeshapinda. Chini yake kulikuwa magunia, na kati ya magunia kulikuwa kiti cha mama mwenye kushika funguo za depo. Pale ndipo alikuwa anakaa kila siku kuandika kilo za watu.

Siku ile hatukuongea sana. Tulitosha watu, tukaweka miti ya kalitusi chini ya mbao, na kesho yake masoni alianza kubomoa kutoka juu. Hakuna aliyeumia. Lakini kosa halikuwa la vijana peke yao. Sisi tulihesabu magunia, hatukutazama juu. Makala hii ni deni tunalolipa.

Uzito wake: tupige hesabu pamoja

Tuchukue shemine ya kawaida. Tumbo lina upana wa mita 1.5, linatokea mu chumba sentimita 60, na linapanda mita 2.8 mpaka plafoni. Ukiondoa mdomo wa moto na tundu la moshi, inabaki karibu mita kyube 2 za matofali. Mita kyube moja ya ukuta wa matofali ya kuchoma ina uzito wa karibu kilo 1,800. Kwa hiyo tumbo peke yake ni karibu kilo 3,600.

Shingo, tuseme sentimita 70 kwa 70, na urefu wa mita 2.5 kutoka plafoni mpaka kichwa chake inje. Ukiondoa tundu, inabaki karibu mita kyube 1. Uzito wake ni karibu kilo 1,800.

Tuseme kwa lugha ya depo: shingo ni sawa na magunia 18 ya kilo 100, yamepangwa moja juu ya lingine, juu ya kichwa chako. Ukitosha tumbo na kuacha shingo, umetosha paleti chini ya magunia hayo na kuyaacha hewani. Mbao mbili haziwezi kuyashika. Plafoni haiwezi hata kidogo.

Na kuko jambo lingine la kwetu. Sisi tunakaa mu bonde lenye kutetemeka. Siku ya Mungu asubuhi, tarehe 3/2/2008, tetemeko la nguvu 5.9 lilipiga Bukavu na ngambo ya Rwanda, watu wakafa na majumba mengi yakapasuka. Mu tetemeko lolote, pahali popote duniani, shingo ya shemine ni moja ya vitu vya kwanza kuanguka, sababu ni ndefu, ni nzito, na hakuna kinachoishika pembeni. Shemine yenye kuegama ao yenye ufa hapo juu ya manjanja haingojee mkutano wa mwisho wa mwaka.

Mbele ya nyundo: angalia mambo manne

Panda mu dari na toshi, pamoja na masoni mwenye kujua nyumba za zamani. Msiende na kijana mwenye nguvu peke yake. Angalieni:

1. Je, kuna mbao ya paa yenye kukalia shemine? Wajenzi wa zamani wakati fulani walilaza madriye ya paa juu ya matofali ya shingo. Kama ni hivyo, ukiondoa shemine, paa linashuka. Inaomba kwanza kuweka nguzo ao ukuta wa kupokea mbao ile.

2. Je, upande wa pili wa ukuta kuko chumba kingine chenye mdomo wa moto? Shemine mbili zinaweza kupeana mgongo na kutumia shingo moja.

3. Je, shemine ndiyo inasimamisha ukuta? Ukuta mrefu, kwa mfano wa mita 5 ao 6, usio na ukuta mwingine wenye kuukata katikati, unategemea tumbo lile kama mtu mwenye kuegemea fimbo. Hii ni hatari zaidi kama ukuta ni wa matofali mabichi ao kama matofali yameunganishwa na udongo. Ukitosha tumbo, inaomba kujenga nguzo nyembamba ya matofali pahali pake, iliyofungwa vizuri na ukuta.

4. Je, bomba la shemine ao paa ni la eternit, zile sahani za kijivu, ngumu, zenye kuvunjika kama kigae? Zile za zamani zina nyuzi za amianti ndani yake. Ukizikata kwa msumeno ao kuzivunja zikiwa kavu, vumbi yake inaingia mu mapafu na haitoki, na ugonjwa unaonekana kisha miaka mingi. Zilowesheni maji, zitosheni nzima bila kuvunja, zifungeni mu bashi na kuzizika mbali na shamba na mbali na maji. Msizitumie tena.

Kisha, angalieni jambo la tano ambalo haliko mu dari: karatasi. Nyumba ni ya nani? Nyumba nyingi za zamani ni za Leta, za misioni ao za familia, na koperative imepewa kuitumia tu. Mwenye nyumba akubali kwa maandishi mbele ya tofali la kwanza. Na ndani ya koperative, mkutano uamue, iandikwe mu prose-verbali na isainiwe. Pesa hii ni ya sehemu za wanachama, si ya komite.

Njia tatu, na bei ya kila moja

Watu wengi wanafikiri kuko njia mbili tu: kuacha ao kutosha yote. Kuko njia tatu. Bei tunazoweka hapa ni za mfano, kusudi muone namna ya kuhesabu. Tumeweka masoni dola 10 kwa siku, fundi wa mbao dola 10, msaidizi dola 5, mfuko wa simenti dola 14, njanja moja dola 9. Ninyi wekeni bei ya soko yenu ya siku ile. Hesabu za siku na za vifaa ndizo zitawasaidia zaidi.

Njia ya kwanza: kuziba kichwa. Shemine inabaki yote. Masoni anaweka kifuniko chembamba cha simenti na chuma juu ya tundu, anaacha nafasi pembeni na kuweka wavu wa kuzuia panya na ndege, kisha anaziba ufa mahali shingo inakutana na manjanja.

- Masoni siku 1 na msaidizi siku 1: dola 15
- Simenti mfuko 1: dola 14
- Wavu: dola 5
- Kipande cha chuma: dola 4
- Jumla: dola 38. Ongeza 15 kwa 100 ya mambo yasiyotazamiwa: karibu dola 44.

Hii ni nzuri kama shingo imesimama wima na haina ufa.

Njia ya pili: kukata shingo. Shingo inabomolewa kutoka kichwa mpaka chini ya manjanja, na tundu la paa linafungwa na manjanja mapya. Tumbo linabaki chini, na kipande kifupi mu dari kinakalia tumbo lake kama mbele. Mdomo wa moto unazibwa kwa matofali, lakini munaacha katundu chini na kengine juu, mu dari, vyote na wavu. Hewa ipite. Ukiziba kabisa, unyevu unabaki ndani na kutokea mu ukuta.

- Masoni siku 3: dola 30
- Fundi wa mbao siku 1: dola 10
- Wasaidizi 2, siku 3: dola 30
- Simenti mfuko 1: dola 14
- Manjanja 3: dola 27
- Mbao ndogo za paa 2: dola 8
- Misumari kilo 1: dola 3
- Miti 6 ya kupandia: dola 12
- Wavu: dola 5
- Kamba na maski: dola 15
- Jumla: dola 154. Pamoja na 15 kwa 100: karibu dola 177.

Njia ya tatu: kutosha yote, kutoka kichwa mpaka sakafu.

- Masoni siku 6: dola 60
- Fundi wa mbao siku 2: dola 20
- Wasaidizi 3, siku 6: dola 90
- Miti 8 na madriye 2 za kushikilia: dola 32
- Simenti mifuko 4: dola 56
- Mchanga: dola 20
- Manjanja 3: dola 27
- Mbao za paa 4: dola 16
- Misumari kilo 2: dola 6
- Chokaa: dola 10
- Vipande 2 vya plafoni: dola 24
- Bashi, kamba, glavu, maski: dola 30
- Kubeba takataka: dola 20
- Jumla: dola 411. Pamoja na 15 kwa 100: karibu dola 473.

Kama inaomba nguzo ya kusaidia ukuta ao ya kupokea paa, hesabu inapanda tena. Msikubali fundi anayetoa bei moja ya mdomo bila kupanda mu dari. Huyo anauza asichokiona.

Munapata nini kwa pesa hiyo?

Hapa njo tunaomba musome polepole. Tumbo la mita 1.5 kwa sentimita 60 linakula nafasi isiyofika mita karé 1. Gunia la kilo 100 likilala linaomba karibu sentimita 60 kwa mita 1. Kwa hiyo pale munaweza kupanga safu moja na nusu. Mukipanda magunia 6 kwenda juu, ni magunia 9. Hayo tu.

Njia ya pili imeshamaliza maji, panya na hatari ya shingo. Njia ya tatu inaomba dola 296 zaidi yake. Mugawanye kwa magunia 9: ni karibu dola 33 kwa nafasi ya gunia moja.

Tena, tumewafundisha siku zote kwamba gunia halipaswe kugusa ukuta. Munaacha njia ya sentimita 50 pembeni, kusudi hewa ipite na muweze kufagia na kuona panya. Mukipanua njia hiyo upande wa shemine ifike sentimita 70, tumbo litakaa ndani ya njia, halitagusa gunia. Munapoteza kupita pale tu. Mu depo tulilowaambia, tungepima hivyo siku ya kwanza, hakuna mtu angeshika nyundo.

Je, ni wakati gani njia ya tatu ni ya haki? Kama tumbo lenyewe lina ufa ao limeegama. Kama linazuia mlango ambao burweti ao mashine ya kukoboa inapaswa kupita. Kama munabadilisha chumba kabisa na mwenye nyumba amekubali. Nje ya hapo, mara nyingi njia ya pili inatosha.

Namna ya kufanya kazi: juu kwenda chini

Kama mumeamua njia ya pili ao ya tatu, amri ni moja: munaanza kichwani, munamaliza chini. Tofali la mwisho kupandishwa wakati wa kujenga ndilo la kwanza kuteremka.

Toseni vitu vyote mu chumba, si kuvifunika tu. Masizi inapita mu bashi. Zibeni mdomo wa moto na bashi kabla ya kugusa juu, sababu masizi ya miaka 60 itashuka kwa mara moja. Watu wavae maski na mikono mirefu, na waoge kisha kazi. Masizi si uchafu tu: tangu 1775, daktari Percivall Pott wa Uingereza alionyesha kwamba vijana waliofanya kazi ya kusafisha shemine walipata kansa kwa sababu yake.

Masoni akae juu ya jukwaa la miti lililofungwa vizuri. Asikae juu ya manjanja. Afungwe kamba kwenye mbao nguvu ya paa. Atoe tofali moja moja kwa burini na nyundo ndogo. Tofali literemke mu ndoo na kamba. Kutupa kutoka juu kunavunja tofali, kunavunja manjanja na kunaweza kuvunja kichwa cha mtu. Kusiangushwe ndani ya tundu pia, sababu linajaa na kusukuma kuta za shemine inje. Watoto wasikae karibu, na mtu mmoja awe na kazi ya kuwafukuza tu.

Shingo ikishafika chini ya manjanja, fungeni paa siku hiyohiyo. Usiku moja wa mvua unaweza kulowesha chumba kizima. Kisha muendelee mu dari, na mwisho tumbo. Tumbo lililoshikamana na ukuta msilivute: kateni tofali zenye kuingia mu ukuta, na jazeni mashimo na vipande na simenti nyembamba. Ukuta unabaki na masizi: kwangueni chokaa ya zamani yote, mungoje wiki mbili ao tatu ukauke, ndipo mupake mpya. Anayepaka siku hiyohiyo anapaka madoa.

Sakafu pia: pale moto ulikuwa, kuko jiwe ao matofali yenye kupanda. Lisawazisheni, sababu paleti inaomba sakafu sawa.

Wakati gani wa mwaka?

Kazi hii inaomba kiangazi, miezi ya 6 mpaka ya 8. Lakini ni wakati huo depo inajaa mavuno ya sezo B. Hapo kuko shida. Ushauri wetu: ngojeni mwisho wa mwezi wa 8, wakati mumeshauza sehemu kubwa na mbegu za sezo A zinaanza kugawanywa. Stoki inapungua, mvua ya mwezi wa 9 bado haijakaza. Nafasi hiyo ni fupi, karibu wiki mbili tatu. Kwa hiyo vifaa vinunuliwe mbele, na mapatano na masoni yasainiwe mbele. Mulipe kwa sehemu tatu: moja ya kuanza, moja shingo ikishuka na paa likifungwa, moja ya mwisho. Anayelipa yote mbele atamutafuta fundi wake sokoni.

Matofali, masizi na majivu vinaenda wapi?

Shemine yote inatoa karibu matofali 1,400. Mukifanya polepole, nusu yanaweza kubaki mazima. Yale yaliyounganishwa na udongo ao chokaa yanasafika vizuri. Ya simenti yanavunjika mengi. Yale meusi ya ndani msiyajengee ukuta wa kupaka chokaa, sababu madoa yatatokea. Yatumieni inje: kuzunguka uwanja wa kuanika mpunga, kando ya njia, ao chini ya shimo la mbolea. Vipande vidogo vinafaa mu mashimo ya barabara ya depo wakati wa mvua.

Majivu ya kuni yaliyo safi munaweza kuyatawanya kidogo mu shamba lenye udongo mchungu. Lakini masizi, hapana. Izikeni mbali na kisima. Msidanganyike kwamba kila kitu cheusi ni mbolea.

Neno la mama mmoja

Mu mkutano fulani, wanaume waliongea saa nzima juu ya magunia na dola. Kisha mama mmoja alisimama akauliza: "Sawa, mutatosha shemine. Na siku ya mkutano, sisi wenye kuwapikia ninyi mu nyumba hii, moshi yetu itapitia wapi?" Watu walinyamaza.

Alikuwa na haki. Kama bado munapika kwa kuni mu chumba kile, shemine si takataka, ni kazi inayofanya. Mbele ya kuitosha, jengeni jikoni ya inje yenye paa na iliyo wazi pembeni, na iingie mu hesabu ya mradi. Vinginevyo munahamisha moshi kutoka mu tundu la shemine kwenda mu macho na mapafu ya wamama na watoto.

Ya kukumbuka

- Usitoshe tumbo na kuacha shingo. Hata siku moja.
- Panda mu dari na masoni mbele ya kukubali bei.
- Shemine yenye ufa ao yenye kuegama: toeni watu na magunia chini yake leo, mkutano utafuata.
- Hesabu magunia munayopata, kisha ugawanye bei. Mara nyingi kukata shingo kunatosha.
- Mwenye nyumba akubali kwa maandishi, wanachama waamue kwa maandishi.
- Anza juu, maliza chini, funga paa siku hiyohiyo.

Mama mwenye funguo za ile depo bado anaandika kilo za watu, kwenye kiti kilekile. Ukuta wa nyuma yake sasa ni mkavu, na juu yake hakuna kitu isipokuwa plafoni. Kila tunapofika pale, mbele ya kufungua kitabu chetu, tunatazama juu. Na ninyi muzoee hivyo.

Kazi njema, na mavuno mema.